Shajara ya Mradi: Kuondoa Oili Iliyoungulia kwenye Injini ya Honda CB350

Injini inayozungumziwa humu ni ya Honda CB350 ya mwaka 1972: silinda mbili zilizopangwa sambamba, ujazo wa cc 325, kamshafti moja (mhimili unaofungua vali) juu ya kichwa cha silinda, na oili lita mbili zinazolainisha injini, gia na klachi kwa pamoja. Pikipiki ilikaa miaka mingi chini ya turubai baada ya kutumika kwa miaka mingi zaidi bila kuoshwa ipasavyo. Lengo langu lilikuwa kuondoa uchafu wa nje bila kuipasua injini na bila kuidhuru. Gharama nimeziandika kwa saa, kwa lita na kwa vitu vilivyoharibika, kwa kuwa hizo ndizo hesabu zitakazomfaa anayetaka kuirudia kazi hii. Hatua zilizokwenda sawa nimezipitia haraka. Nilipokosea ndipo nimekaa.

6 Januari. Hali ya injini kabla ya kuguswa

Mtu akiutazama upande wa kushoto kwa mbali angedhani injini hii iliundwa kwa chuma cheusi. Kwa karibu, weusi huo una matabaka matatu, na kila tabaka lina tabia yake. La juu ni vumbi lililonyonya oili. Ni laini, linatoka kwa kidole. La kati ni gumu kama lami iliyopoa. Ukucha unaacha alama lakini haulibandui. La chini kabisa ni utando mwembamba wa rangi ya kahawia, wenye kung'aa, ulioshikamana na alumini kana kwamba ulipakwa kwa makusudi.

Utando huo ndio hasa ulioleta kazi. Oili inapovuja na kutandaa juu ya chuma chenye joto, hewa huishambulia, molekuli zake zikaungana kuwa minyororo mirefu, na kilichokuwa kimiminika kikageuka kwanza gundi ya manjano, kisha vanishi ya kahawia, na mwishowe, karibu na mlango wa ekzosi, kaboni isiyo na tofauti na masizi. Mafuta ya taa huyeyusha oili ambayo bado ni oili. Iliyokwisha kuwa vanishi hayaiyeyushi. Huilegeza tu, tena polepole. Niliyajua haya kwa kusoma, lakini sikuyaamini mpaka yaliponigharimu, kama itakavyoonekana.

Leo nimeondoa kiti, tangi, mabomba ya ekzosi na betri. Kazi ilichukua saa tatu. Nilipiga picha nne tu za injini, zote za kutoka mbali, kisha nikafunga siku.

7 Januari. Mashine ya presha

Nilichanganya lita mbili za mafuta ya taa na kikombe cha sabuni ya maji, nikapaka injini yote kwa brashi ya rangi, nikaacha dakika 20. Kabla ya hapo nilikuwa nimefunika midomo ya kabureta, viungio vya nyaya na kifuniko cha platini (swichi ya cheche za plagi) kwa mifuko ya plastiki na tepu. Kisha nikaosha kwa mashine ya presha.

Tabaka la juu liliondoka lote kwa nusu saa, na sehemu ya tabaka la kati ikafuata. Nilifurahi mno, hata nikaisogeza nozeli karibu, kama shubiri moja kutoka kwenye chuma, ili kuchimba pembe za nyuma ya silinda. Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo sikulijua hadi wiki iliyofuata.

Neno moja kuhusu petroli, kwa sababu ndiyo inayotajwa na kila mtu. Petroli inasafisha vizuri, lakini mvuke wake unaweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, ilhali mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kutosha kuwaka mpaka yafike takriban nyuzi 38 za Selsiasi au zaidi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na cheche moja ya swichi inatosha. Sikuitumia hata tone, na katika kazi yote hii hakuna mahali nilipoona pengo lake.

13 Januari. Oili yenye ukungu

Nilipoilegeza nati ya kumwagia oili, kilichotangulia kutoka kilikuwa maji, kiasi cha kijiko kimoja, na nyuma yake ikafuata oili ya rangi ya kijivu iliyofifia. Nilikaa chini nikaitazama kwa muda.

Nilizikagua plastiki zote nilizofunga, zikawa hazina kosa. Maji yaliingilia mahali nisipopafunga kabisa: mpira wa kupumulia injini, yaani bomba linalotoa hewa ya ndani ya kasha. Kwa juu mpira huo ulionekana mzima, lakini nilipoukunja ukafunua ufa mrefu upande wa nyuma, pale unapopinda, ambapo jicho halifiki. Mpira wa umri huo unatakiwa uchukuliwe kuwa umepasuka mpaka uthibitike kuwa mzima. Maji ya bomba yangepita juu ya ufa ule bila madhara. Presha ya karibu ndiyo iliyoyasukuma ndani.

Kwa kuwa ekzosi zilikuwa zimefunguliwa na pikipiki haikuwa katika hali ya kuwashwa, sikuweza kuyakausha maji kwa joto la injini. Niliacha oili idondoke usiku kucha, nikajaza lita mbili za oili ya bei ndogo lakini ya aina inayofaa klachi iliyozama kwenye oili, nikatoa plagi zote mbili, kisha nikapiga kiki polepole mara kama 60. Oili hiyo ilitoka na ukungu. Nikarudia kwa lita mbili nyingine, zikatoka safi. Nilifungua pia kichujio cha kuzunguka, kilichoko nyuma ya kifuniko kidogo cha duara upande wa kulia. Injini hii haina kichujio cha karatasi. Uchafu hurushwa na mzunguko ukagandamana kwenye ukuta wa kikombe. Nilikuta tope la kijivu lenye unene wa milimita tatu hivi, laini kama udongo wa mfinyanzi, nikalikwangua kwa kijiti. Faida hiyo sikuitarajia, lakini haitoshi kunifanya niisifu mashine ya presha.

Gharama ya kosa: oili lita nne za kusuuzia, gasketi moja (kizibo bapa cha maungio), mpira mpya wa kupumulia, na saa tano. Tangu siku hiyo mashine ya presha haikutumika tena, na midomo yote ya injini imefungwa kwa vizibo vya mpira. Matambara siyapendekezi, kwa sababu tambara hunyonya kilicho nje na kukipeleka ndani taratibu.

14 Januari. Skrubu za kifuniko cha sproketi

Skrubu za kifuniko cha sproketi, ile gia yenye meno inayovuta mnyororo, zina kichwa chenye alama ya msalaba, na macho yanakuambia uchukue bisibisi ya nyota ya kawaida, yaani Phillips. Zinafanana lakini si ndugu. Skrubu za pikipiki za Kijapani za zama hizo zilikatwa kwa kiwango cha JIS, yaani kiwango cha viwanda vya Japani, chenye pembe tofauti kidogo, na bisibisi ya Phillips haikai hadi chini; ukikaza mkono inapanda na kukitafuna kichwa. Niliila skrubu ya kwanza kwa namna hiyo kabla ya kusimama na kutafuta bisibisi ya JIS pamoja na bisibisi ya kugonga, ile inayogeuza pigo la nyundo kuwa mzunguko.

Kabla ya kuingiza ncha yoyote ni lazima tundu la kichwa lichokolewe mpaka chini. Uchafu ulioganda humo ndani huizuia bisibisi kama vile ukubwa wake usingefaa. Nilitumia msumari mwembamba niliounoa ncha, na tone la mafuta ya taa kwa kila skrubu.

Skrubu saba zilitoka. Ile niliyoiharibu ilinibidi niikate kichwa kwa keekee. Baada ya kifuniko kutoka, mkia uliobaki ulikuwa umelegea kwa kuwa hakuna tena kilichokuwa kikiuvuta, nao ukafunguka kwa koleo bila ubishi.

Jioni ya siku hiyohiyo

Nyuma ya kifuniko cha sproketi kulikuwa na kitu kinachostahili kuelezwa. Grisi ya mnyororo, vumbi la barabara na oili iliyovuja vilikuwa vimejaza nafasi yote, unene wa vidole viwili, na katikati mnyororo ulikuwa umejichongea njia yake laini, ya mviringo, iliyong'aa kama ndani ya chungu. Nilipolikata bonge hilo kwa mwiko wa plastiki lilitoka kipande kizima, na ubavuni mwake nikaona mistari: mweusi, kijivu chenye mchanga, mweusi tena, kisha mwekundu wa udongo. Ndani ya mstari wa kijivu kulikuwa na klipu ya kiungo cha mnyororo, ya mnyororo ambao bila shaka ulikwisha tupwa zamani.

Bonge hilo lilikuwa na uzito wa zaidi ya nusu kilo. Lilitoka kwa dakika 15, bila dawa yoyote. Panapokuwa na uchafu mnene, kuukata ni bora kuliko kuuyeyusha. Mafuta ya taa yangeugeuza tope na kulisambaza kila mahali.

Tahadhari moja: gasketi za pikipiki za umri huu huenda zina asbesto. Mabaki yake niliyalowanisha kwanza, nikayakwangua yakiwa mabichi, nikayatia kwenye mfuko uliofungwa. Kusugua gasketi kavu kwa brashi ya mashine ni kujipulizia vumbi lisilotoka mapafuni.

20 Januari. Kostiki juu ya alumini

Kifuniko chenyewe kilibaki na vanishi ya kahawia upande wa ndani na nusu ya upande wa nje. Nilikiloweka kwenye mafuta ya taa kwa saa mbili, nikasugua, hakikubadilika. Saa mbili si kitu kwa vanishi ya miaka, lakini sikuwa na subira. Nilichukua dawa ya povu ya kusafishia majiko, ile inayoondoa mafuta yaliyoungulia kwenye oveni, nikaipulizia pande zote mbili. Hoja yangu ilikuwa kwamba mafuta yaliyoungulia ni mafuta yaliyoungulia, yawe ya oveni au ya injini.

Kuhusu mafuta hoja ilikuwa sahihi. Kuhusu chuma ilikuwa ya kijinga. Oveni ni ya chuma chenye enameli. Kifuniko hiki ni alumini. Dawa nyingi za namna hiyo zina kostiki soda, na kostiki huila alumini, huku ikitoa gesi ya haidrojeni. Ndani ya dakika mbili povu lilianza kuchemka lenyewe bila moto. Nilidhani linakula uchafu, nikaliachia dakika 15.

Nilipolisuuza, vanishi ilikuwa imetoka kabisa. Pamoja nayo ilikuwa imetoka laka ya kiwandani, na alumini iliyokuwa iking'aa sasa ilikuwa ya kijivu cheusi, yenye vinyweleo, ikipaka weusi kwenye kidole kama mkaa. Weusi huo hutokea kwa sababu kostiki huiyeyusha alumini na kuyaacha juu yale isiyoyaweza, hasa silikoni na shaba zilizochanganywa humo kiwandani. Hausuguliki kwa sabuni.

Anayeiga kazi hii asome maandishi madogo ya kila dawa: ikitajwa sodium hydroxide au potassium hydroxide, isiguse alumini kwa muda wowote. Magadi ya kufulia yakitiwa kwenye maji ya moto nayo huifanya nyeusi, ingawa si kwa kasi hiyo. Upande wa pili wa mizani upo vilevile: dawa kali za asidi za kung'arishia rimu hula alumini, na baadhi zina asidi ya floridi, ambayo hupenya ngozi na kudhuru hadi mfupani. Hizo sikuziingiza hata nyumbani.

27 Januari. Kuurudisha uso wa kifuniko

Nilitengeneza maji ya asidi ya sitriki, vijiko viwili kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu, nikakitumbukiza kifuniko kwa dakika kumi huku nikisugua kwa mswaki. Weusi mwingi ulitoka, ukabaki ukijivu usio na uhai. Nilisuuza kwa maji mengi, nikakausha.

Baada ya hapo hakuna njia ya mkato. Msasa wa namba 400 ukiwa umelowa, kisha 600, kisha 1000, kila namba ikisuguliwa kwa kuvuka mistari ya namba iliyotangulia mpaka mistari hiyo ipotee, na mwisho dawa ya kung'arisha metali kwa kitambaa cha pamba. Kifuniko kimoja kilikula saa sita, karatasi tisa za msasa na ncha za vidole vyangu viwili. Kinang'aa sasa kuliko vingine vyote, jambo ambalo nalo ni kasoro, kwa sababu hakilingani na wenzake. Tena hakina laka, kwa hiyo kitahitaji kung'arishwa kila baada ya muda. Upande wa ndani nimeuacha na vinyweleo vyake, kwa kuwa hauonekani.

28 Januari. Kuloweka bila haraka

Hii ndiyo njia iliyofaulu, na ni ya kuchosha kwa sababu haina la kufanya. Nilikata vitambaa vya pamba vipande vipande, nikavilowesha kwa mafuta ya taa, nikavibandika juu ya kila sehemu yenye vanishi, kisha nikafunika kwa plastiki nyembamba ili visikauke. Pikipiki ikasukumwa mbali na chochote chenye moto au cheche, mlango ukaachwa wazi, na mimi nikaenda zangu kwa saa 24.

Siku ya pili vanishi ilikuwa imelainika juu. Kwa mwiko wa plastiki na vijiti vya mwanzi vilivyochongwa ncha bapa niliweza kuikwangua ikawa inajikunja kama maganda ya rangi ya zamani. Iliyokataa nilibandika tena vitambaa. Sehemu nyingi zilihitaji mara mbili. Ubavu wa chini wa kasha la injini ulihitaji mara nne. Kwa hesabu ya saa za mkono hasa, eneo kubwa kuliko kile kifuniko lilisafishwa kwa saa tatu, na alumini haikupata hata mkwaruzo.

Nambari ya injini ilitokea siku hiyo. Mahali pake palikuwa pamefunikwa kabisa. Nilisugua kwa mswaki laini, tone baada ya tone, na ikajitokeza kwanza E, halafu 0 ya pembeni yake, halafu neno zima, CB350E, na tarakimu zake, kila moja ikiwa bado na ncha kali kama ilivyogongwa. Hapo msasa na brashi ya nyaya ni marufuku; nambari iliyofifishwa humtia mwenye chombo katika maswali asiyo na majibu yake.

Mafuta ya taa yaliyotumika siyamwagi. Nimeyaweka kwenye dumu. Baada ya siku tatu tope hutuama chini, na yaliyo juu yanafaa kwa mzunguko mwingine wa kuloweka. Kwa namna hiyo lita tano zimefanya kazi ya kumi na tano. Tope lenyewe linaungana na oili chafu kwenda kunakokusanywa oili chakavu, na vitambaa vilivyolowa vinakaa kwenye kopo la bati lenye kifuniko.

4 Februari. Mapezi ya kupozea

Nafasi kati ya pezi na pezi ni nyembamba kuliko kidole, na uchafu ulioko kwenye shina ndio unaozuia joto kutoka. Mswaki haufiki. Nilichofanya ni kuchukua utepe wa kitambaa kigumu, kuulowesha, kuupaka sabuni ya unga kidogo ili uwe na makali, kisha kuuvuta huku na huku kati ya mapezi kama mtu anayefuta kiatu kwa tambara. Kwenye shina nilitumia kijiti cha mwanzi.

Mapezi ya mbele, chini ya milango ya ekzosi, yana kaboni, si vanishi. Vitambaa vya mafuta ya taa havikuitetemesha. Dawa ya kusafishia kabureta iliilainisha kidogo, lakini iliondoka na rangi ya fedha ya kiwandani iliyokuwa imebaki, nikaacha. Kwa haraka ya kumaliza nilichukua brashi ya nyaya za chuma nikasugua mapezi hayo pamoja na sehemu ya juu ya kasha. Ilitoa kaboni vizuri sana. Saa nne, mapezi yote.

11 Februari. Madoa ya kutu kwenye kitu kisichoshika kutu

Wiki imepita, hali ya hewa ilikuwa ya unyevu, na leo asubuhi nimekuta vidoa vya rangi ya chungwa, vidogo kama vichwa vya pini, vimetapakaa juu ya mapezi na kasha. Alumini haitoi kutu ya namna hiyo. Nilichukua kioo cha kukuzia, nikaona katikati ya kila kidoa uzi mfupi wa chuma uliojichoma kwenye alumini laini. Brashi ilikuwa imeacha mamia ya vipande vyake, na ndivyo vilivyokuwa vikishika kutu.

Dawa yake ilikuwa sponji ngumu ya nailoni yenye mafuta ya taa, ikisuguliwa kwa mwelekeo mmoja, halafu kupangusa kwa kitambaa cheupe na kukagua tena kwa kioo. Vipande vingi vilitoka. Vichache vilivyozama nilivichokoa kimoja kimoja kwa sindano. Saa tano zimepotea hapo. Kwa mabaki ya kaboni nimetumia brashi ya nyaya za shaba, ambayo ni laini kuliko ile ya chuma na haiachi kutu. Inaacha rangi ya manjano kidogo, inayotoka kwa kupangusa.

17 Februari. Nilichoamua kukiacha

Karibu na milango ya ekzosi kumebaki kivuli cha kahawia. Kinaweza kutolewa kwa kupulizia shanga za kioo pamoja na maji, lakini injini lazima kwanza ifunguliwe yote, kwa kuwa chembe moja iliyojificha kwenye njia ya oili itafika kwenye kamshafti kabla ya kufika kwenye kichujio. Kupulizia mchanga kwa injini iliyofungwa ni wazimu hata ukiziba kwa namna gani. Kivuli hicho kitarudi baada ya safari mbili; kimebaki.

Vilevile sikuigusa rangi ya fedha iliyosalia kwenye silinda. Imechakaa, lakini ni ya mwaka 1972.

Nimeosha injini yote mara ya mwisho kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji, nimesuuza kwa bomba la kawaida, nimekausha kwa hewa ya kompresa bila kuielekeza kwenye sili (pete za mpira zinazozuia oili kuvuja pembeni mwa ekseli), na nimepangusa alumini tupu kwa kitambaa chenye oili kidogo sana.

24 Februari. Poda

Sasa ninarudi kwenye zile picha nne. Uchafu wa injini ni ramani: mahali ulipo mbichi na mnene ndipo oili inapotokea, na upepo huuburuta kurudi nyuma. Mimi nilipiga picha za mbali, kisha nikaiosha ramani yote siku ya pili. Nilikuwa na kumbukumbu tu kwamba mbele, kwenye maungio ya kichwa na silinda, palikuwa peusi sana, na kwa kumbukumbu hiyo nilikwisha anza kuamini kwamba gasketi ya kichwa inavuja na kwamba injini itabidi ifunguliwe.

Nilirudisha ekzosi, tangi na betri, nikatia oili mpya lita mbili. Kisha nikapangusa maungio yote kwa kiyeyushi mpaka yakakauka kabisa, nikapuliza poda ya talki kila mahali, tabaka jembamba lililoifanya injini kuwa nyeupe. Niliweka feni kubwa mbele, kwa sababu injini inayopozwa na hewa haipendi kuungurumishwa muda mrefu ikiwa imesimama, nikaiwasha kwa dakika 15.

Mbele ya silinda poda ilibaki nyeupe. Gasketi ya kichwa haina kosa lolote. Weusi ule ulikuwa wa zamani, wa uvujaji ambao mtu fulani aliurekebisha bila kusafisha baada yake. Chini ya platini, nyeupe. Lakini upande wa kushoto, pale ekseli ya kanyagio la gia inapotokea kwenye kasha, poda ilikuwa na alama ya kijivu yenye umbo la mwezi mwandamo. Nikaipangusa, nikapuliza poda upya, nikawasha dakika tano. Mwezi uleule, mahali palepale.

2 Machi. Sili ya ekseli ya gia

Sili ya zamani ilikuwa ngumu kama plastiki. Niliitoboa kwa skrubu ndogo ya mbao, mbali na ekseli, nikaivuta kwa koleo. Ekseli nimeisugua kwa msasa wa 1000 kuzunguka, si kwa urefu, kuondoa kutu iliyokuwa ikiikata midomo ya sili. Sili mpya imepakwa oili, imesukumwa kwa soketi yenye kipenyo chake mpaka ikalingana na uso wa kasha. Dakika 40 kwa jumla.

Poda tena, dakika 15 tena. Nyeupe.

Jumla mpaka leo: saa 46 za mkono, mafuta ya taa lita saba, oili lita sita zikiwemo nne zilizopotea kwa maji, jozi 11 za glovu, miswaki sita, gasketi mbili, sili moja, skrubu moja iliyokatwa. Kati ya saa hizo, 16 zilikwenda kurekebisha mashine ya presha, povu la kostiki na brashi ya chuma. Kifuniko cha sproketi kimerudi mahali pake kwa skrubu mpya, nyuzi zake zikiwa na grisi kidogo, na nafasi iliyo nyuma yake nitaifungua tena baada ya kilomita 500 ili nione kama kuna kinachoanza kujikusanya upya.